Rambirambi kwa Mzee wa Hali ya Hewa

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani Dubai, huwajibu kwamba nilikuwa nikitazama televisheni. Wengi hucheka, kisha hungoja niwaambie kazi yenyewe. Ndugu zangu wa Mombasa hawakucheka, maana walinijua tangu utotoni, wakaona kwamba hatimaye kazi imempata mwenyewe.

Ilikuwa kazi ya kweli, yenye viza na mkataba. Ofisi yetu ilikuwa Bur Dubai, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake zilinuka wanga wa nguo mpya kutwa kucha. Tulikaa wanawake sita mbele ya skrini. Kila asubuhi zilitufikia kwa mtandao kanda za siku iliyopita kutoka vituo vidogo vya televisheni vya jimbo moja la Marekani. Jimbo lenyewe silitaji, kwa kuwa nilitia saini karatasi ya kutolitaja, na pia kwa kuwa mwaka mzima wa kwanza nisingeweza kulionyesha kwenye ramani. Ni jimbo la milima, theluji na ng'ombe. Kwenye televisheni yao ng'ombe walipewa muda mwingi kuliko wanasiasa, jambo ambalo sikuliona baya.

Sisi kwetu tukisikia kituo cha televisheni tunafikiria jumba kubwa lenye walinzi getini. Hivi vilikuwa vituo vya nguvu kidogo, mtambo mmoja na watu watatu. Kimoja kilikaa nyuma ya duka la matairi, kingine kwenye chumba cha chini cha kanisa. Picha ya kila kimoja ilifika mpaka mlima wa pili, na aliyekaa ng'ambo ya mlima huo aliona chenga tupu. Walionyesha mpira wa kikapu wa watoto wa shule, mnada wa mifugo, kwaya, na vikao vya baraza la mji ambamo nilihesabu wajumbe watano na mbwa mmoja. Mbwa hakukosa kikao hata kimoja.

Wauza matairi na wauza malisho ya ng'ombe walitangaza biashara zao kwenye vituo hivyo, na walitaka kuhakikishiwa kwamba matangazo yao yamepita kweli, wala hayakukatwa katikati. Kampuni moja ya huko ilichukua kazi ya kuwahakikishia, ikaikabidhi kampuni yetu, na kampuni yetu ikanikabidhi mimi. Basi chakula cha ng'ombe kikitangazwa kwenye milima ya theluji, shahidi wake alikuwa binti wa Mombasa aliyevaa buibui, anakula sambusa Bur Dubai. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, tutazame bila sauti na kwa mwendo wa haraka, kwa sababu mwenye kampuni, ambaye sote tulimwita sir, aliamini kwamba mwanamke akisikia maneno atasahau kuhesabu. La pili, tusiwasiliane na vituo vile kwa lolote lile, hata wakisema wanatafuta mtu. Wenye vituo hawakujua kama tupo, na sir alitaka wasijue.

Kwa nini mimi niliajiriwa, nadhani ni kwa sababu ya baba. Siku ya mahojiano nilieleza kwa nini picha ya kituo kidogo hucheza upepo ukivuma, na sir alivutiwa. Hayo niliyapata kwenye duka la baba, fundi wa televisheni na redio, mtu aliyeweza kuitambua televisheni mbovu kwa kuisikiliza tu. Ndugu zangu wa kiume walikimbia lile duka kama vile lina nyoka. Mimi nilikaa. Nilijua kushika chuma cha kulehemu kabla ya kujua kusonga ugali, na mama hakufurahishwa na mpangilio huo.

Nilipomwambia baba kwamba nimepata kazi Dubai, hakukataa. Hakukubali pia. Asubuhi ya safari mama alinishika kichwa, akanisomea dua, akanimwagia radhi zake zote. Baba alikuwa ameinamia televisheni ya jirani mmoja, na nilipompa mkono aliupokea bila kuinua uso. Sikusikia neno. Kwetu mtoto haondoki nyumbani bila radhi ya baba. Akiondoka nayo hana anachokiogopa, na asipokuwa nayo hata akijikwaa kidole anajua sababu. Mimi Dubai nilijikwaa sana. Kila kitu kilipokwenda kombo, viza ikichelewa, jino likiuma, nilikumbuka ule mkono ulionipokea bila uso.

Ikapita miaka minne. Kila Ijumaa baada ya sala nilipiga simu, mama akampa baba, na mazungumzo yetu yalikuwa haya: anauliza kama kuna joto, nasema lipo, namuuliza afya, anasema alhamdulillahi, kisha anamrudishia mama simu. Mwaka wa pili nilimpelekea vifaa vipya vya ufundi, nikavipakiza na mizigo ya mfanyabiashara mmoja wa kwetu kwenye bandari ya Hamriya. Baba alisema ni vizuri na kwamba atampa fundi anayevihitaji. Mwaka wa tatu kwetu wakazima mitambo ya zamani ya televisheni, watu wakanunua skrini bapa ambazo zikiharibika hutupwa, na duka likabaki na redio tatu na paka. Mwaka wa nne mama alianza kunong'ona kwenye simu kwamba presha ya baba inapanda. Nilimwogopea, na nitasema kweli, nilijiogopea mimi pia. Nilikuwa nataka radhi yangu kabla mmoja wetu hajaondoka, na sikujua binti huiombaje bila kuonekana anamharakisha mzazi wake kaburini.

Sasa nirudi ofisini. Katika vituo vyote vile kulikuwa na kimoja tulichokipenda, na ndani yake mzee mmoja. Alikuwa mtu wa hali ya hewa. Alikuwa pia mtu wa matangazo ya vifo, mtu wa mbwa waliopotea, na kwa ushahidi wa ufagio uliosimama nyuma yake kila siku, alikuwa pia mtu wa usafi. Alivaa sweta moja ya kijani kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, akasimama mbele ya ramani na kuionyesha kwa ufito wa kuvulia samaki. Sisi tulimwita Babu. Hatukuwahi kuisikia sauti yake, lakini kila mmoja wetu alikuwa amempa sauti moyoni. Yangu ilikuwa nzito, yenye kukohoa kidogo.

Jirani yangu wa meza alikuwa Mkenya wa bara, Mkisii, Mkristo wa kanisa la Jumamosi, aliyewahi kuwa mlinzi wa jengo kabla ya kuhamia skrini. Alikuwa na tabia ya kumsalimu Babu kila asubuhi na kumuuliza kama amekunywa chai. Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kizanzibari ambaye wazazi wake walihamia Dubai yeye akiwa mdogo. Tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mkali wa masharti kuliko sir mwenyewe, lakini kanda ya Babu ilipoingia alikuwa akipata sababu ya kupita nyuma ya viti vyetu na kusema sweta ile inahitaji kufuliwa.

Siku moja ya Jumanne nilifungua kanda ya kituo kile nikaona haifanani na siku zote. Hapakuwa na ramani. Palikuwa na picha kubwa ya Babu kwenye fremu, imewekwa juu ya meza yenye maua. Kisha zikaanza kupita picha zake za zamani: mtoto mchanga, mwanafunzi, kijana aliyevaa magwanda ya jeshi, bwana harusi mwembamba, baba aliyebeba mtoto mabegani. Baada ya picha wakaja watu. Mmoja mmoja alisimama mbele ya kamera, akasema, akafuta macho, akampisha mwenzake. Akaja mchungaji. Ikaja kwaya, wamefumbua midomo. Akaja yule mwenyekiti wa baraza la mji na karatasi mkononi, na mbwa wake.

Nilirudisha mwendo ukawa wa kawaida. Jirani yangu alisogeza kiti chake, akatazama kidogo, akaweka mkono kifuani.

"Huyu ameenda," alisema. "Hiyo ni programu ya mazishi. Si unaona wameanza na picha za utoto?"

Nilimwambia pengine ni sherehe tu. Akanitazama kama mtu aliyezika wengi anavyomtazama asiyezika. Kwao, alinieleza, programu ya mazishi huchapishwa kwa rangi, na ndani yake hupangwa hivyo hivyo: utoto, shule, kazi, ndoa, mchungaji, kwaya, kiongozi wa mahali. Hakuna kilichokosekana. Kisha ikatokea kwenye skrini miaka miwili imeandikwa chini ya picha ya Babu, mmoja kushoto na mwingine kulia, na kistari katikati. Huo wa kulia ulikuwa mwaka ule ule tuliokuwamo. Jirani yangu akaunyooshea kidole. Kwake kesi ilikwisha.

Mimi nilitoa mwaka mmoja kwenye mwingine nikapata thelathini na nane. Nikamwonyesha. Mtu wa miaka thelathini na nane hawi hivi, nikasema, mtazame mikunjo. Akafikiri sana.

"Ni baridi," akasema. "Baridi ya huko inazeesha vibaya."

Nikakubali. Najua msomaji ananicheka, na ana haki. Lakini nilikuwa nimeshawaona watu wanalia, na kwetu mtu huliliwa kwa jambo moja tu. Hata walipokata keki mwishoni sikushtuka. Sisi tunakula pilau matangani, kila watu na hitima yao.

Bi Mkubwa alikuja kuuliza mbona kazi imesimama. Tukamwonyesha. Alitazama mpaka mwisho akiwa amesimama, kisha akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akavuta kiti akakaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya upande wetu. Kesho yake kanda mpya ilipofika, mbele ya ramani alisimama msichana mwenye nywele fupi, na mkononi hakuwa na ufito. Ufagio ulikuwa umeondolewa. Hatukuhitaji ushahidi mwingine.

Tulikuwa na huzuni, na ilikuwa huzuni ya kweli juu ya mtu tusiyemjua. Nilikaa na skrini yangu nikamfikiria baba. Nilijiuliza yule mtoto aliyebebwa mabegani kwenye picha alikuwa wapi wakati baba yake anakufa, na kama alikuwa mbali, je, waliagana vipi. Nikatoka nje kwenye ngazi za wanga nikalia, na nilipoulizwa nilisema ni kiyoyozi.

Siku ya tatu Bi Mkubwa alitangaza kwamba tutatuma rambirambi. Jirani yangu alimkumbusha sharti la pili. Bi Mkubwa akasema sharti analijua, alilibandika ukutani kwa mkono wake mwenyewe, lakini sir ni mtu wa biashara na msiba si biashara. Kumtazama mtu miaka yote ile, kisha akafa nawe ukanyamaza, huo kwao ni uadui. Anwani ya barua pepe tulikuwa nayo, ilipita chini ya skrini kila siku kwa ajili ya waliopotelewa na mbwa. Kiingereza changu ndicho kilichokuwa na makosa machache, basi nikapewa kuandika.

Bi Mkubwa alinitamkia mwanzo, kwa adabu zote za Unguja, salamu juu ya salamu, mpaka nikamwambia kwa mwendo huo marehemu hatatajwa kabla ya ukurasa wa pili. Jirani yangu akachangia aya ya Biblia. Katikati wakaniachia mimi. Niliandika kwamba hatukuwahi kumsikia lakini tulimwona. Kwamba alisimama wima kila siku hata siku ambazo mgongo ulionekana unamuuma. Kwamba aliwaambia watu habari za mvua na theluji bila kujua kama kuna anayemtazama, na hakuwahi kufanya kazi kama mtu asiyetazamwa. Kwamba mwenye kumrithi ufagio ule amepata heshima. Niliandika mengi kuliko nilivyotumwa. Bi Mkubwa alisoma juu ya bega langu, akarudia kusoma.

"Mwanangu," aliniuliza, "hebu niambie, hii hasa unamwandikia nani?"

Nilisema namwandikia Babu. Alinitazama kidogo, akasema haya, peleka. Nikapeleka. Chini tuliandika kwamba tunatoka Dubai na kwamba sisi ni marafiki. Jina la kampuni hatukulitaja, na huo ndio ulikuwa ujanja wetu wote.

Ikapita wiki. Jumatano moja asubuhi nilikuwa nakimbiza kanda ya kituo kile, matairi, malisho, matairi, mara nikaona sweta ya kijani. Nilisimamisha picha. Babu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na yule msichana wa nywele fupi, karatasi mkononi, anacheka mpaka anajifuta macho.

Nilimgusa jirani yangu. Alitazama, akalitaja jina la Mwokozi wake kwa sauti ndogo, akasogeza kiti nyuma. Nilimwita Bi Mkubwa. Alikuja, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Weka sauti," alisema.

Kwa mara ya kwanza tangu ofisi ile ifunguliwe, sauti ikawekwa. Babu alikuwa na sauti nyembamba kama ya kuku. Hakuna hata mmoja wetu aliyekisia vile, na nadhani jambo hilo lilitushangaza kuliko kufufuka kwake. Alikuwa akiisoma barua yetu, yote, salamu za Unguja zote, aya ya Biblia, mgongo, ufagio. Alipomaliza aliikunja vizuri akaitia mfukoni. Akawaeleza watazamaji wake kwamba hakufa, amestaafu baada ya miaka thelathini na nane kituoni, na kwamba keki ilikuwa nzuri. Akawashukuru wote waliosema maneno kwenye sherehe yake ya kuagwa, lakini maneno yale, alisema, watu waliambiwa wayaseme, na kila mmoja alipewa nusu dakika. Hawa wa Dubai hawakuambiwa na mtu.

Kisha akamgeukia mwanamume mnene aliyekaa pembeni, anayeendesha mtambo, na kamera ikageuzwa ikamwonyesha. Ndiye mtoto wa mabegani. Babu akasema, "Mwanangu huyu nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, hajawahi kuniambia kwamba ninasimama wima. Imebidi nife Dubai ndipo nisikie."

Wote pale studioni walicheka, na yule mwanamume mnene alicheka pia, lakini aliinamisha kichwa kwenye mtambo wake. Sisi hatukucheka. Jirani yangu ndiye aliyezungumza kwanza. Aliuliza, kwa hasira ya mtu aliyelia bure, ni watu gani hawa wanaomsifu mtu akiwa mzima, na picha za utoto wanazileta. Alisema kwao ukimfanyia hivyo mtu mzima atakushtaki kwa kumtakia kifo. Bi Mkubwa akasema hata Unguja ukimsifu mtu usoni unamtia jicho, sifa huwekwa akiba mpaka mwenyewe asiweze kuzisikia. Alipokwisha kusema aliivua miwani tena, kama mtu aliyejisikia mwenyewe.

Sir alipata habari siku ile ile, kwa kuwa Marekani walimtumia kipande kile wakidhani kitamfurahisha. Alitusimamisha mbele ya meza yake. Aliuliza nani aliyetuambia mzee amekufa. Jirani yangu akaeleza habari ya programu ya mazishi ya Kisii, kwa kirefu, pamoja na rangi za karatasi. Sir alishika kichwa. Akasema khalas, kuanzia leo hakuna kumzika mtu wa Marekani bila kuona maiti. Bi Mkubwa akasema na iwe hivyo, inshallah. Hatukufukuzwa, ila karatasi ya masharti ukutani iliandikwa upya, na sasa ilikuwa na sharti la tatu linalohusu rambirambi. Bi Mkubwa alilibandika mwenyewe, akalinyoosha pembe.

Ijumaa ilipofika nilikaa kitandani kwangu Bur Dubai, wenzangu wa chumba wametoka, nikapiga simu. Mama alinisalimu, akanong'ona juu ya presha, akampa baba.

Baba akauliza kama kuna joto. Nikasema lipo. Nilipaswa kumuuliza afya, badala yake nikamwambia nina jambo la kusema na asinikatize.

Nilimwambia kwamba mimi nakumbuka. Nakumbuka wanaume walipokuja dukani wakauliza mtoto wa kike anatafuta nini pale, naye akawajibu bila kuinua kichwa kwamba mimi ndiye fundi, yeye ananishikia tochi. Nikamwambia alisema hivyo kila mara, kwa kila mwanaume, na hakucheka, mpaka na mimi nikaamini. Nikamwambia hakuna kitu nilichokipata Dubai ambacho hakikutoka kwenye sentensi ile. Nikamwambia ni baba mzuri, nampenda, na kwamba sikuwahi kulisema hilo kwa sababu kwetu hakuna anayelisema.

Nilisikia feni yao ya darini inavyokwaruza, na paka.

"Daktari kamwambia mama yako nini?" baba aliuliza.

Nikasema hakumwambia kitu.

"Usinifiche. Wasifu huo unanisomea wa nini, mimi niko hai?"

Nililia na kucheka pamoja, kisha nikamsimulia habari zote za Babu, picha, kistari, baridi inayozeesha, mpaka sauti ya kuku. Alicheka mpaka akakohoa. Aliniuliza mtambo wao ni wa nguvu gani, na kwa nini wasipandishe mlingoti kidogo ili na wa ng'ambo ya mlima wa pili waone. Nikamjibu nilivyojua. Nikaona simu inaelekea kurudi kwa mama, nikasema haraka kabla sijaogopa.

"Baba, siku ile ulinipa mkono tu. Radhi yako sikuisikia."

Nilimsikia akihamisha simu sikio la pili.

"Macho yalikuwa na maji," alisema. "Ningeinua uso ungeyaona, na usingekwenda. Nilitaka uende." Akapumua. "Radhi unayo, mwanangu. Nilikupa ulipofika mlangoni, umenipa mgongo. Nilidhani imekufikia."

Nadhani aliniona hata bila kuniona, maana hakungoja jibu.

"Sasa hebu irudie ile ya tochi," alisema. "Pole pole. Ngoja kwanza nimwite mama yako akae hapa, simu naiweka sauti, maana miaka yote ananiambia nilikuharibu."

Nikamsikia anamwita.